Mwanamke Aliyekataa Pampu Iuzwe

Jina lake la kwenye kitambulisho lilijulikana na ofisi ya mishahara tu. Sisi wengine tulimwita Bi Geji. Alikuwa mtu wa pampu katika kiwanda chetu cha nguo, na hakuweza kupitisha dakika tano bila kuitazama ile saa ya duara inayopima nguvu ya maji, ambayo mafundi huiita geji. Aliitazama kama mama anavyomtazama mtoto mwenye homa. Hata ukimkuta anakula, kijiko kiko njiani kuelekea mdomoni, jicho liko ukutani.

Mimi nilikuwa idara ya rangi, ukuta mmoja na chumba chake. Kutia kitambaa rangi ni kazi inayokunywa maji mengi, kwa hiyo kwa miaka kumi na tisa yeye na mimi tuliongea kwa kugonga ukuta. Nikigonga mara mbili, maana yake maji yamepungua. Akijibu mara moja, maana yake nimesikia, dada, acha kelele.

Aliingia kiwandani akiwa na miaka ishirini na miwili, mfagiaji. Mzee aliyekuwa akiendesha pampu wakati huo alikuwa na mgongo mbovu, na alitaka mtu wa kumtambalia chini ya mashine.

"Binti, unaogopa grisi?" alimuuliza.

"Naogopa njaa tu," alijibu.

Basi akatambaa. Mzee akamfundisha kufungua na kufunga, kubadilisha beringi, kujua kwa mtikisiko wa bomba kama kuna hewa imeingia. Alipostaafu, ofisi ikatafuta mwanamume mwenye vyeti. Walikuja watatu kwa miezi minane, wakaondoka watatu, na wa mwisho alifurisha maji ghala la nyuzi hadi makarani wakavua viatu. Ndipo funguo zikamfikia Bi Geji, lakini kwa mshahara uleule wa mfagiaji. Kila Jumatatu alikwenda kusimama mlangoni kwa meneja, ovaroli safi, mikono nyuma, akisema, "Nimekuja kukumbusha." Alikumbusha kwa karibu miaka miwili. Meneja aliporekebisha mshahara wake, nadhani ni kwa sababu alichoka kuziogopa Jumatatu.

Pampu zilikuwa mbili. Kubwa ilihudumia kiwanda. Ndogo, iliyowekwa kando yake, ilipeleka maji kwenye tangi la kota: safu za nyumba za matofali tulizouziwa na kampuni enzi mambo yakiwa mazuri, zahanati, na shule ya chekechea. Sisi wa kota hatukuwahi kujiuliza maji yale ni ya nani. Unafungua bomba, yanakuja.

Mimi nilianza kuhisi mambo si mazuri siku rangi nyekundu ilipoisha, msimamizi akatuambia tutie kahawia, wateja watazoea. Baadaye mameneja wakaanza kuondoka mmoja mmoja, kila mmoja akisema anaenda likizo. Mishahara ikachelewa. Lakini kiwanda kile kilikuwa kikubwa mno, kilikuwepo kabla hatujazaliwa, na hatukuwa na akili ya kukifikiria kikiwa hakipo.

Jumatatu hiyo tulilikuta geti limefungwa kwa mnyororo mpya, bado una mafuta ya dukani. Karatasi imebandikwa. Karani wa stoo akaisoma kwa sauti: kampuni imefilisika, mali yote iko mikononi mwa mfilisi aliyeteuliwa na mahakama, wafanyakazi wasubiri taarifa. Watu hawakuamini masikio yao, akaisoma tena.

"Huyo mfilisi ndiyo nani?" mtu akauliza.

"Ni mtu wa kuuza vitu vyote vya kampuni, ili wanaoidai walipwe."

"Na sisi?"

"Sisi tuko kwenye foleni. Nyuma."

Wafumaji wakapandisha sauti. Wanawake wa kushona wakakaa chini palepale kwenye ukingo wa barabara. Mimi nilivitazama vidole vyangu, vya bluu hadi ndani ya kucha, nikawaza nani ataniajiri na mikono ya namna hii. Bi Geji yeye alipenya katikati yetu hadi kwa mlinzi.

"Mwanangu, pampu nani amewasha?"

"Hakuna, mama. Amri ni asiingie mtu yeyote."

"Tangi lina maji ya kufika saa sita mchana. Baada ya hapo kota yote imekauka. Zahanati imekauka. Na kwako, na mkeo amejifungua juzi tu."

"Mama, nitafukuzwa kazi."

"Na nani? Aliyekuajiri si ndiye huyo amefilisika?"

Watu wakacheka, kicheko cha kwanza cha asubuhi ile. Mlinzi hakucheka, lakini alitoa simu akapiga namba ya mfilisi iliyoandikwa kwenye karatasi. Bi Geji akanyoosha mkono, akaichukua.

"Mheshimiwa," alisema, "humu ndani kuna marobota ya pamba mpaka darini. Pamba ikishika moto na mabomba ya zimamoto hayana maji, utauza majivu. Mimi ndiye ninayeyajaza hayo mabomba."

Tulimsikia mtu akiuliza yeye ni nani, kisha akisema hawezi kumwahidi mshahara.

"Sijauliza mshahara," akasema Bi Geji. "Nimeuliza funguo."

Saa mbili kamili tulisikia pampu ikiunguruma nyuma ya ukuta wa kiwanda kilichokufa. Sauti ile iliwatoa machozi watu ambao karatasi ya getini haikuwatoa.

Miezi iliyofuata sitaieleza yote. Kila wiki lori lilisimama mbele ya nyumba fulani, vitanda vikapakiwa, watu wakakumbatiana. Waliobaki tulihangaika. Mimi nilifua nguo za watu. Angalau sabuni ilinisaidia kuitoa ile bluu. Wafumaji walipata shida kuliko sisi sote, kwa kuwa ufumaji wa mashine kubwa haufanyiki jikoni.

Mmoja wao alikuwa mume wa Bi Geji, shemeji yangu kwa ujirani. Mtu mrefu, mpole, miaka thelathini mbele ya mashine ileile, sikio moja limepungua kusikia kwa kelele zake. Kila asubuhi aliamka saa ya zamu, akanyoa ndevu, akavaa ovaroli, halafu akakaa kwenye kigoda mlangoni. Anakaa mpaka jua linamfikia magotini, anasogeza kigoda, anakaa tena. Nikimsalimia ananijibu vizuri. Ukimuuliza habari za leo anasema, "Leo ipo."

Ndugu yake mkubwa, aliyekuwa na shamba mwendo wa siku nzima kwa basi, alimwita waende wakaishi huko. Ukuta wetu wa nyumba ni mwembamba, nikayasikia yote bila kutaka. Au tuseme nilitaka kidogo.

"Unaamka alfajiri, unaenda kufanya kazi, hulipwi," shemeji alisema. "Hiyo ni kazi au ni ugonjwa?"

"Ingekuwa ugonjwa ningekuwa nimelala."

"Mama, kiwanda kimekufa. Kubali."

"Kiwanda kimekufa, nimekubali. Watu hawajafa. Watu wanakunywa maji."

"Na mimi je? Mimi nikae hapa nikitazama lile geti mpaka lini?"

Kesho yake shemeji aliondoka na begi moja. Mkewe alimsindikiza mpaka kituoni, akampa kitambaa cha kichwa awapelekee wa kule, akarudi moja kwa moja kwenye pampu. Sikumwona akilia. Niliona tu kwamba kigoda alikitoa mlangoni akakiingiza ndani.

Haikupita wiki mbili, akanijia nikiwa nimeinamia beseni. Uso ulikuwa umemkauka.

"Wameiandika namba," alisema.

"Wameandika nini?"

"Pampu. Yangu ndogo. Sabini na nne, kwa rangi nyeupe, ubavuni. Inaenda mnadani."

Nilimwambia yale ambayo mtu yeyote angesema, kwamba wakubwa wameamua, tutafanyaje. Alinitazama kuanzia utosini hadi vidoleni, kisha akaniuliza kama nina viatu vya kumwazima vya kwendea mjini.

Ofisi ya mfilisi ilikuwa ghorofa ya tatu. Siku ya kwanza Bi Geji alikaa kwenye benchi tangu mlango ulipofunguliwa hadi ulipofungwa, akaambiwa mheshimiwa ana kikao. Siku ya pili akakaa tena. Alasiri, katibu wa pale akamletea chai, akaingia ndani, akatoka, akasema, "Ingia, maana naona kesho utakuja na godoro."

Mfilisi hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo kwa kuwa wengi walipenda awe mbaya. Alikuwa mtu wa miwani myembamba, mwenye mafaili mengi, na alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akamwambia:

"Mama, unaelewa kwamba wewe na wenzako ni miongoni mwa wanaoidai kampuni? Kila kitu ninachoacha kukiuza, ninawapunja ninyi wenyewe."

Bi Geji aliniambia baadaye kwamba katika mambo yote, ni sentensi hiyo peke yake iliyomziba mdomo. Alikuja na maneno ya kupigana na mwizi, akakuta mtu anayemtetea. Aliitazama mikono yake. Kisha akauliza:

"Na kama sisi wenyewe tukisema tunaichukua pampu, badala ya sehemu ya haki zetu?"

Mfilisi akavua miwani. "Nyote?"

"Wangapi wanatosha?"

Akafikiri. Akasema robo tatu ya wafanyakazi wote, kwa saini, na yeye ataipeleka hoja hiyo mahakamani. Wafanyakazi tulikuwa mia tatu na kumi na wawili. Robo tatu ni mia mbili thelathini na nne. Mnada ulikuwa siku kumi na moja mbele. Na hakuahidi kitu.

"Andika na kisima," akasema Bi Geji. "Na tangi."

Akaandika na kisima na tangi.

Tulikutana kwenye uwanja wa mpira nyuma ya kota, kwa kuwa bwalo la kiwanda lilikuwa limefungwa kwa lakiri. Aliyepinga wazi alikuwa msimamizi wa zamani wa wafumaji, tuliyemwita Kengele kwa sauti yake, sauti iliyozoea kushindana na mashine mia.

"Miaka ishirini na sita nimekitumikia kiwanda hiki!" alinguruma. "Nataka changu mkononi. Mimi pampu siili!"

Watu walimpigia makofi, na si wachache. Nilimwonea huruma Bi Geji. Hakuzoea kuhutubia, maisha yake yote alikuwa ameongea na mabomba. Alisubiri makofi yaishe.

"Kengele amesema kweli, pampu hailiwi," alisema. Ilibidi watu wasogee ili wamsikie. "Lakini tumebaki na nini? Tumebaki na nyumba. Nyumba isiyo na maji hakuna atakayeipanga, hakuna atakayeinunua, na nyie wenyewe hamtakaa. Wakiiuza pampu hii, wakagawa, kila mtu atapata ya kununua sabuni. Tutakuwa na sabuni. Sasa niambieni mtaogea nini."

Kicheko kilianzia kwa wanawake kikasambaa. Kengele akaondoka akitikisa kichwa. Daftari likawekwa juu ya meza, na jioni ile wakasaini tisini na sita.

Hao ndio waliokuwa rahisi. Siku zilizofuata Bi Geji aliwasha pampu alfajiri, akaizima saa tatu, akatoka na daftari kwapani mpaka jua linazama. Nilimfuata siku nyingi. Tulimkuta fundi umeme wa zamani juu ya paa la mtu, akasainia kwenye goti lake akiwa palepale juu ya ngazi. Tulimkuta karani wa stoo sokoni akiuza mitumba. Alikisoma kila kifungu mara mbili, kwa mazoea, kabla ya kusaini. Wengine walitufungia mlango. Mmoja alisema atasaini akipewa kitu kidogo, Bi Geji akamjibu kwamba kitu kidogo ni maji anayoyanywa, akaenda nyumba ya pili.

Kina mama wawili wakamshauri amkatie Kengele bomba mpaka akili imrudie. Valvu ya nyumba yake ilikuwa hatua chache tu kutoka njiani.

"Wajukuu zake hawajakataa kusaini," alisema, na hakutaka kulisikia tena jambo hilo.

Siku ya tisa tulikuwa na mia mbili na kumi na nane. Wote wa karibu walikuwa wameisha. Waliobaki walikuwa wafumaji waliohamia upande ule wa mashamba, na sisi hatukuwajua hata wanakoishi. Bi Geji alikaa kwenye ngazi ya mlango wake akiwa ameshika simu kwa muda mrefu. Hatimaye akapiga.

"Ni mimi," alisema. Hakusema samahani, wala hakuulizia shamba. "Nahitaji saini za wafumaji walioko huko."

Sijui upande wa pili ulisema nini.

"Kumi na sita. Zaidi ya hapo ni bora." Akasikiliza. "Nitajuaje walipo? Wewe ndiye unayewajua."

Akakata simu. Nikamuuliza amesemaje.

"Amesema basi la kesho limeshaondoka," alijibu. Yalikuwa majibu yasiyoeleweka, maana kesho ilikuwa haijafika, lakini uso wake haukunikaribisha kuuliza zaidi.

Asubuhi ya siku ya kumi na moja, saa chache kabla ya mnada, tukiwa tumejiandaa kwenda mjini na pungufu letu, shemeji aliingia kwa mguu kutoka barabara kuu. Viatu vyake vilikuwa vyekundu kwa vumbi. Hakusubiri basi, alizunguka usiku na mchana kwa baiskeli ya kuazima na kwa miguu, kisha akapewa lifti ya usiku kwenye lori la mbao. Alitoa bahasha kifuani. Ndani mlikuwa na karatasi yenye majina ishirini na mawili, na ya ishirini na tatu ilikuwa saini yake mwenyewe.

"Mmoja mkono umevunjika," alisema. "Ametia kidole. Wanakubali kidole?"

"Watakubali," alisema mkewe. Akamtazama miguu. "Ingia unawe. Halafu twende wote."

Mia mbili arobaini na moja. Mfilisi alizihesabu mwenyewe, polepole, kidole kikishuka kwenye kurasa, na pampu namba sabini na nne ikafutwa kwenye orodha kwa kalamu ya wino. Baada ya wiki tatu mahakama ikaridhia.

Kila kitu kingine kiliuzwa. Winchi iling'oa ile pampu kubwa kama jino. Mashine za kufuma zilitoka kwa siku sita mfululizo, zimefungwa kamba juu ya malori, na wafumaji walisimama pande zote za barabara. Shemeji alihesabu kwa midomo mpaka akaiona yake. Akainua mkono kidogo, akaushusha. Mkewe alikuwa amesimama ubavuni mwake. Ilikuwa ni mara ya kwanza nimemwona ameiacha pampu ikiendelea peke yake.

Wala haikuwa mteremko baada ya hapo. Umeme wa kiwanda ulikatwa, na mpaka tukapata mita yetu tulikaa siku nane tukichota mtoni kwa ndoo, watu wakimtupia maneno Bi Geji njiani. Wapo waliosema tumeuziwa chuma chakavu. Aliyasikia, akaendelea kupanga foleni kwenye ofisi ya umeme. Siku ya tisa maji yalipanda. Yalitoka kwanza ya kutu, kama chai, kisha yakatakata.

Kiwanda hakikufunguliwa tena. Kumeota majani mpaka madirishani. Haki zetu zililipwa nusu, na nusu nyingine tumeacha kuizungumzia. Shemeji hutengeneza vyerehani vya watu barazani kwake; kazi ni ya kubahatisha, ila ameacha kuvaa ile ovaroli. Kengele hajasaini mpaka leo, na mpaka leo anachota kama sisi, analipa mchango wa mwezi kwa wakati, na kwenye mikutano ya kamati ya maji ndiye mwenye maswali mengi kuliko wote. Bi Geji ndiye mwajiriwa wa kwanza wa kamati hiyo. Ana wanafunzi wawili, mmoja mshonaji wa zamani, mwingine ni mimi.

Mwezi uliopita alikuja mwalimu mkuu wa shule iliyo ng'ambo ya reli, akaulizia kama maji yetu yanaweza kufika kwake.

"Ni mbali, na kuna kilima," nilimwambia, nikidhani namsaidia Bi Geji. "Pampu yetu ni ndogo."

Bi Geji alikuwa ameshavaa kofia yake ya jua.

"Kilima kina urefu gani?" alimuuliza mwalimu. "Twende nikione." Kisha akanigeukia. "Na wewe lete ile kamba ya kupimia. Ndefu."